Nyumba Tano, Ng'ombe Sita, Mtungi wa Gesi Hakuna

Moto wa bluu! Naanza na huo kwa sababu ndio ulionisimamisha mlangoni mwa jiko nikiwa na kiatu kimoja mkononi, nikasahau hata kuamkia. Sufuria ya maharage ya watu ishirini na wawili inatokota. Moshi hakuna, masizi darini hakuna, gunia la mkaa pembeni hakuna, mtungi hakuna. Kuna bomba moja jembamba lililotoboa ukuta kutoka nje, koki, na jiko linalovuma taratibu kama mtu aliyepitiwa na usingizi mtamu. Nikauliza gesi inatoka wapi. Mama aliyekuwa akikoroga akanionyesha kwa mwiko, dirishani, walikosimama ng'ombe wakicheua.

Jamani! Nimetembezwa kwenye majumba mengi mjini hapa Arusha, Njiro na kwingineko, yenye vioo toka chini mpaka juu na sebule ambayo ukiita mtu upande wa pili inabidi upige simu. Hakuna hata moja lililonirudisha nyumbani na haraka hii. Dereva wa Hiace ya kutoka Tengeru atanikumbuka: mimi ndiye yule abiria aliyekuwa akiandika nyuma ya bahasha huku kuku wa jirani akimdonoa kiwiko.

Wenyewe wameniomba nisitaje kijiji wala majina yao, nami nawaelewa. Hawataki kuamka Jumamosi wakute foleni ya wageni getini. Itoshe kusema ni mlimani juu ya Tengeru, upande wa kusini wa Mlima Meru, dakika ishirini za bodaboda kutoka lami, kule ambako migomba imeshonana na kahawa na miringaringa mpaka hujui shamba la huyu limeishia wapi na la yule limeanzia wapi. Familia tano: walimu, fundi mmoja, muuguzi mstaafu, vijana wawili wa utalii na wazazi wao. Badala ya kila mmoja kujizungushia ukuta na kujenga jumba la kuonea fahari, wamejenga nyumba tano ndogo, na katikati wakaweka vile vitu ambavyo kila mmoja angevinunua peke yake kwa shida: jiko kubwa, ukumbi wa kulia, banda la ng'ombe, matangi. Kila nyumba ina vyumba vyake, choo chake, na kona ya kuchemshia chai kwa ajili ya siku ambazo mtu anataka kununa bila mashahidi. Jioni wanakula pamoja, isipokuwa Jumapili.

Ulaya mtindo huu una jina na una maktaba yake. Wanaousimulia huanzia Denmark, kwenye makazi ya Sættedammen yaliyokamilika mwaka 1972, ambako familia ziliamua kuwa na nyumba zao na ukumbi wao wa pamoja. Nikamweleza hivyo mzee mmoja aliyekuwa akimenya ndizi. Akaniangalia kwa huruma. Yeye kazaliwa kwenye boma lenye nyumba sita za baba, baba wadogo na bibi, mfereji mmoja wa maji kutoka mlimani, na zamu ya kuufungua inayojulikana na kila mtoto. Kwake habari si kukaa pamoja. Habari ni kukaa pamoja na watu ambao si ndugu zako.

Turudi kwenye moto wa bluu, maana sijamaliza nao.

Mtambo wenyewe wa biogesi huuoni, na hilo ndilo la kwanza nililolipenda. Ni kuba la tofali lililozikwa ardhini na kuoteshwa nyasi juu, na watoto wanachezea gololi juu yake bila habari. Kinachoonekana ni beseni la zege upande wa banda, inapochanganywa samadi mbichi na maji, ndoo kwa ndoo, na upande wa pili shimo ambako tope lililokwisha kazi linajitokeza lenyewe. Pampu hakuna, umeme hakuna, hakuna chochote kinachozunguka. Huko chini gizani bakteria wasiotaka hewa wanaila ile samadi na kutoa gesi. Gesi inapanda juu ya kuba, na kwa kuwa haina pa kutokea, inalisukuma tope lipande kwenye lile shimo la nje. Ukifungua koki jikoni, tope linashuka tena, na uzito wake ndio unaoisukuma gesi ije kwenye sufuria yako. Yaani tope ndilo pampu! Niliomba nielezwe mara mbili, si kwa kutoelewa bali kwa utamu.

Nikaomba na kukoroga. Nikapewa mti na ndoo. Mikono mpaka kwenye kiwiko, vipande vya majani vinatolewa kwa vidole kwa sababu vikiingia vinafanya utando juu na gesi inapungua. Harufu ni ya zizi tu, ya kawaida, na ikishaingia ndani inakwisha kabisa. Ukiinamia lile shimo la kutokea, unasikia kitu kama udongo baada ya mvua. Tope hilo linakwenda kwenye migomba, na migomba ya pale, wallahi, ina mikungu ambayo imeegemezwa miti miwili miwili isiangushe mama yake.

Na hapa watu wa Arusha tuna haki ya kutembea vifua mbele, kwa sababu kuba hili duniani lina jina la kwetu. Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, CAMARTEC, kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1981 na makao yake yako hapa hapa Arusha. Katika miaka ya 1980 mafundi wake, wakishirikiana na Wajerumani, walilichukua kuba lililotokana na mitambo ya Kichina na kulitafutia dawa ya ugonjwa wake mkubwa, yaani nyufa. Ardhi inatulia, msingi unapasuka, ufa unapanda, gesi inavuja. Dawa yao inanifurahisha kuliko simu yoyote mpya: walijenga kwa makusudi mkanda dhaifu kuzunguka kuba, chini ya sehemu inayohifadhi gesi, na juu yake mkanda imara. Ufa ukija, unaishia kwenye ule mkanda dhaifu, chini ya usawa wa tope, na gesi iliyo juu haijui kama kuna kilichotokea. Wamempa adui chumba chake, wakafunga mlango. Wataalamu wa biogesi wa nchi nyingine wanaita mtindo huo CAMARTEC mpaka leo. Sisi tunapita mbele ya geti lao na hatugeuki.

Sasa hesabu, kwa sababu ndiyo iliyonitoa kwenye kushangaa ikanipeleka kwenye kuamini. Kilo moja ya samadi mbichi ya ng'ombe hutoa takriban lita 40 za gesi. Ng'ombe wa bandani, tuseme kilo kumi kwa siku za kuzoleka. Ng'ombe sita ni kilo 60, ni lita 2,400. Jiko moja linakula kama lita 300 kwa saa. Saa nane za moto kila siku! Kwa jiko moja la familia tano zinazoloweka maharage usiku kabla ya kupika, zinatosha na chai ya saa kumi inabaki. Chukua sasa familia moja yenye ng'ombe mmoja: lita 400, saa moja na dakika ishirini, maharage hayajaiva. Halafu mtoto aliyekuwa akichanganya samadi anakwenda shule ya bweni, baba yuko safarini, mtambo unakaa wiki mbili bila kulishwa, unalala, na mwaka unaofuata umegeuka shimo la takataka. Nimeyaona makuba yaliyokufa namna hiyo, zaidi ya moja. Kuba lilikuwa zima; kilichokosekana ni mikono na ng'ombe. Hapa zamu imebandikwa mlangoni, watu kumi wakubwa kwa vijana, kila mmoja na siku yake, na muuguzi mstaafu ndiye anayeisimamia kwa jicho ambalo nadhani liliwatisha madaktari.

Nilidhani nitapumua. Sijapumua. Twende kwenye maji.

Mtu akitoka Dar akaona meno yetu huuliza, kwa adabu au bila adabu. Ardhi ya volkano ya Meru inatoa maji yenye floraidi nyingi, hasa visima na chemchemi za upande wa Ngurdoto na Maji ya Chai, na mtoto anayekua akiyanywa anapata meno ya kahawia. Ikizidi sana, na mifupa inaharibika. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi 4, kwa kuwa vinginevyo vijiji vizima vingekosa maji, kabla ya kushuka kwenye 1.5. Na balaa la floraidi ni kwamba haina rangi, haina ladha, na kuchemsha hakuiondoi. Unapochemsha maji yanapungua, yenyewe inabaki pale pale, kwa hiyo umeikoleza.

Ziko njia za kuichuja. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulika kwa miaka na mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao huinasa floraidi. Pale Tengeru kwenye Taasisi ya Nelson Mandela, Dk. Askwar Hilonga alitengeneza chujio lililompa tuzo ya wahandisi wa Afrika mwaka 2015. Lakini wenyeji wangu wamechagua njia ambayo haihitaji chujio la floraidi kabisa, kwa sababu mvua inapoanguka haijapita kwenye mwamba wa mtu.

Paa la ukumbi na la nyumba mbili zilizo jirani yake ni mita za mraba 300. Mvua ya milimita 100, ambayo masika ya kawaida mlimani huipita mapema tu, inatupa juu yake lita 30,000 kabla ya hasara. Simtanki tatu za lita 10,000 zimepangwa juu ya mawe ya volkano, kivulini. Maji hayo ni ya kunywa na kupikia peke yake. Kufua na kuoga ni ya bomba. Lita saba kwa kila kichwa, vichwa 22, toka Juni mpaka mwisho wa Oktoba, yanahitajika kama lita 23,500. Yanatosha, na yanabaki ya mgeni kama mimi.

Tazama sasa kitu kidogo, niliinama kukiangalia mpaka mgongo ukalalamika. Kabla maji ya gata hayajafika tangini yanapita kwenye bomba la plastiki lililosimama wima, kimo cha mtu, limezibwa chini na lina kitundu kidogo kama cha sindano. Ndani kuna mpira mdogo wa plastiki. Mvua ikianza, maji ya kwanza, yale yenye vumbi, majani na barua za ndege, yanaingia humo. Bomba likijaa, mpira unaelea, unaziba mdomo, na maji safi yanavuka kwenda tangini. Mvua ikikatika, kitundu kinalimwaga bomba taratibu, na linakuwa tayari kwa zamu ijayo. Kifaa kizima kimetengenezwa kwa mabaki ya bomba. Mwaka juzi mimi nililipa fundi mmoja, jina lake namwachia Mungu, akanifungia gata iliyoinamia upande usio na tangi.

Na nidhamu! Ukutani kando ya matangi mtoto wa darasa la nne anachora mstari wa chaki kila Jumamosi: anagonga tangi kwa kijiti kutoka chini kwenda juu mpaka sauti ibadilike, hapo ndipo maji yalipo. Mstari ukishuka haraka kuliko wiki iliyopita, jambo linazungumzwa mezani. Nakiri kwamba kwa maji, tofauti na gesi, familia moja inaweza kujitegemea. Tangi la lita 5,000 au 6,000 linaisogeza mbali. Isichoweza kununua ni yule mtoto na kijiti chake.

Jikoni nako floraidi imefuatwa mpaka kwenye chungu. Magadi ya Ziwa Natron, ambayo bibi zetu wanatia kwenye makande yalainike haraka, yamejaa floraidi. Hapa wameyaacha. Loshoro niliyolishwa, mahindi yaliyoiva mpaka yakakubali na mtindi mzito juu yake, ilipikwa bila punje ya magadi kwa kulowekwa usiku kucha. Nilikula bakuli mbili, na ya tatu nilijizuia kwa sababu ya cheo.

Kuta nitazipitia haraka, ingawa fundi wao angependa nikae nazo. Ni tofali za kufungamana: udongo wa pale pale, saruji kidogo, zinashindiliwa kwenye mashine ya mkono, zinafunikwa na kumwagiliwa maji kwa wiki kadhaa, halafu zinapangwa zikiingiana bila saruji ya kuunganishia. Tanuru hakuna, na kwa mlima ambao misitu yake imeliwa na tanuru za tofali, hilo si dogo. Madirisha makubwa yako kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni lisipike vyumba. Ukumbi tu ndio umeachiwa dirisha la mashariki, kwa sababu Julai, wingu likikaa kichwani mwa Meru na watu wakitembea na mablanketi, nusu saa ya jua la asubuhi inapiganiwa. Niliweka kiganja ukutani saa nane mchana. Baridi kama shingo ya mtungi.

Nikauliza swali ambalo kila msomaji wa Kimeru amekwisha kuliuliza moyoni: hati iko kwa nani? Huku mlimani ardhi si mada ya mzaha. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu, na mwenzao Kirilo Japhet akalipeleka shauri hilo mpaka Umoja wa Mataifa, New York, mwaka 1952. Mjukuu wa watu hao hatii sahihi kwenye karatasi yenye majina manne mengine kwa sababu ya uzuri wa jiko. Walichofanya ni kupita halmashauri ya kijiji na kutumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inayokubali hatimiliki ya kimila itolewe hata kwa kikundi. Kisha wakaandika katiba yao: nani anaruhusiwa kuuza sehemu yake, kwanza amuulize nani, akifa nani anarithi, wakishindwana nani anapatanisha. Kuiandika kuliwachukua muda mrefu kuliko kujenga nyumba ya kwanza. Niliisoma yote. Ndicho kifaa bora zaidi katika eneo lile, na hakina hata parafujo moja.

Si kwamba hakuna wengine waliojaribu. Kule Imbaseni, chini kidogo kuelekea Maji ya Chai, Pete na Charlotte O'Neal, waliokuwa wanachama wa chama cha Black Panther huko Kansas City, Marekani, walianzisha kituo chao cha jamii mwaka 1991, wakaishi pamoja na watoto, wageni na wanafunzi kwenye ua mmoja uliojaa michoro. Na Dar es Salaam iko Chamazi: wapangaji na wakazi walioondolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari walijiunga ushirika, wakasaidiwa na Centre for Community Initiatives, wakapata ekari 30 na kufyatua wenyewe tofali za kufungamana. Majitaka yao yanasafishwa na bwawa lenye mimea. Lawama iliyowafuata ni umbali. Mtu aliyekuwa akitembea kwa miguu kwenda bandarini ghafla ana nauli za kwenda na kurudi. Wenyeji wangu wanalijua hilo vizuri. Vijana wao wa utalii hutoka alfajiri, na masika yakichachamaa bodaboda haipandi, wanashuka na mabuti mpaka lami.

Kasoro nyingine? Zipo, na nisiposema mtaniita mpiga debe. Julai mtambo unazubaa kwa baridi na moto wa bluu unakuwa mfupi, ndipo kuni zinatoka mafichoni. Siri hakuna: ukikohoa usiku, asubuhi unapewa pole na nyumba nne. Zamu ya vyombo ina uadui wake wa kimya kimya. Umeme bado ni wa TANESCO, paneli zipo za taa za nje tu. Gharama ya mwanzo ilikuwa kubwa kwa kila familia, hata baada ya kugawana. Na ukitaka muziki wa Bongo Fleva saa tano usiku, katiba inakusubiri ukurasa wa tatu.

Niliomba nyumba ya sita. Nilidhani natania mpaka nikaisikia sauti yangu. Muuguzi mstaafu akanijibu kwamba hakuna ya sita, mtambo hautatosha. Kama nina ndugu au marafiki wanne ninaowaamini na kipande cha ardhi, nianze kwangu, na nianze kwa kuujua udongo. Akanielekeza kipimo cha chupa: nusu udongo, maji mpaka karibu na mdomo, chumvi kidogo, tikisa, acha mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, chembe laini kuliko mchanga juu yake, mfinyanzi mwisho kabisa. Ukiona mfinyanzi umezidi, tofali itapasuka, ukipungua, haitashikana.

Nimefika nyumbani saa mbili usiku. Chupa iko dirishani sasa hivi, mchanga umekwisha kutua, maji ya juu bado ni ya rangi ya chai. Mume wangu amepita mara mbili akaitazama, ya tatu akauliza kwa upole asali yake nimeihamishia wapi.